Rili ya Trauti Katika Orodha ya Mahari

Samson Chilumba,
Winga, Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Oktoba, siku ya kumi na nane.

Kwa Mzee Athanas Mgaya,
Njombe, huko juu milimani.

Shikamoo Mzee wangu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIPENGELE NAMBA SABA, NA OMBI KIFUTWE

Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza, nami kinanikosesha usingizi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na baridi imepungua. Sisi huku Dar tu wazima. Kinachotusumbua ni joto, na baada ya joto ni wewe, Mzee, kwa heshima zote.

Natambua si desturi mchumba kumwandikia baba wa binti moja kwa moja. Kuna mshenga. Nami nilikuwa naye, Mzee Khalfani, mwenye nyumba ninayopanga hapa Ilala, mtu wa maneno laini aliyekwisha kufanikisha harusi kumi na moja bila ugomvi. Mzee Khalfani amejiuzulu. Amejiuzulu kwa maandishi na barua yake akaibandika kwa gundi mlangoni kwangu, ingawa tunatumia ua mmoja. Sababu nitaieleza panapohusika. Kwa sasa itoshe kujua kwamba sina mdomo mwingine zaidi ya huu wangu, na naomba uusamehe kabla haujaanza.

Nakuita Mzee kwa leo. Lile neno jingine, ambalo nimekuwa nikilifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu Pasaka, nimelihifadhi mpaka jambo hili liishe.

Orodha yenu ya mahari niliipokea kwa mikono miwili. Ng'ombe wawili kwa thamani ya fedha, beberu mmoja, blanketi zito la bibi, koti la mjomba Vitalis, vitenge doti mbili vya Shangazi Stella, na majembe mawili. Vitu sita vya watu wenye akili timamu na mila zao. Vile vya dukani nilivimaliza alasiri moja bila hata kuvuka Barabara ya Msimbazi. Kisha nikafika namba saba, nami nanukuu kama ilivyoandikwa: "Rili moja ya kuvulia trauti, ya ile aina iliyofunikwa, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Iwe ya bei nafuu lakini isiwe ya hovyo."

Sikujua rili ni nini. Nimeelezwa baadaye kwamba ni kile kimashine cha kukunjia mshipi, kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Sasa najua kuliko nilivyotaka kujua, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

Lalamiko la 1: Samaki mwenyewe

Mzee, mimi nimezaliwa Ilala, na wazazi wangu ni watu wa Masasi. Samaki nawajua. Namjua changu, namjua kibua, namjua nguru, namjua hata papa mchanga anayeuzwa kwa jina la nguru. Trauti simjui, na si mimi peke yangu. Nilikwenda soko la samaki la Feri kuuliza, nikampata muuzaji anayeitwa Awadhi, mtu aliyekaa na samaki miaka thelathini mpaka mkewe humtambua kwa harufu akiwa bado kituoni. Nikamweleza: samaki wa maji baridi, baridi kweli, ya mlimani, ana madoa ubavuni, hula wadudu wanaoruka. Awadhi akanitazama kwa huruma. "Kaka, samaki wa baridi wote wako kwenye friji. Huyo wako kama anakula nzi, huyo mjusi."

Binti yako Benedikta amenieleza kwamba trauti aliletwa na Wazungu wa shamba la chai enzi hizo, akatiwa mtoni akiwa mdogo kama kiberiti, na kwamba wewe ulipokuwa msimamizi wa shamba ndipo ulipojifunza kumvua. Nashukuru kwa historia. Lakini ni mgeni gani huyu, Mzee, aliyekaa nchini miaka yote hiyo na bado hataki maji ya vuguvugu, hataki chambo cha ugali, tena anataka mashine yake maalumu? Sisi ambao baba zetu walihamia Dar tumezoea joto, foleni na maji ya chumvi bombani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu huyu mgeni wenu aingie maishani mwangu, mimi sijapona.

Lalamiko la 2: Maneno "bei nafuu lakini isiwe ya hovyo"

Maneno haya, Mzee, hapa Kariakoo hayajawahi kupanga nyumba moja. Ungeandika "ya ghali", ningekopa. Ungeandika "ya hovyo", ningekuletea gunia zima na mtu wa kulibeba. Umenitaka nipite katikati yao, mahali ambapo wafanyabiashara wakubwa kuliko mimi wamepita na hawakurudi.

Lalamiko la 3: Kazi yangu imenigeuka

Hapa inabidi nikueleze kazi yangu, maana nasikia Shangazi Stella amewatangazia watu kwamba nacheza mpira. Winga wa Kariakoo ni mtu asiye na duka. Mteja akija kutoka Mbeya, Lubumbashi au Moroni akitaka vitasa mia mbili au magauni ya harusi, mimi namwambia "ipo", namkalisha kwenye kiti cha mtu, namnunulia maji, kisha nakimbia kutafuta iliko. Nikiipata kwa elfu kumi namletea kwa kumi na mbili. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sijawahi kumwambia mteja "haipo". Wala si uongo. Kariakoo kila kitu kipo, kinachokosekana ni kujua kiko kwa nani. Winga akisema "haipo" mara moja tu, kesho yake wenzake wanamuuliza kwao wanalima nini.

Basi siku ya kwanza nilikaa upande wa pili, mimi ndiye mteja, nikaona tunavyowatenda watu. Kila niliyemuuliza alisema ipo. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekalia viti vitano vya plastiki na kunywa maji chupa tano. Nikaletewa mashine ya kukorogea keki. Nikaletewa bobini ya cherehani, na aliyeileta akaapa kwamba trauti wa siku hizi wanavuliwa nayo hiyo. Nikaletewa mpira wa kumwagilia maua, mita thelathini, ukiwa kwenye gurudumu lake, na kweli ulikuwa unakunjika. Nikaletewa mchezo wa watoto wenye samaki wa plastiki wanaofumbua na kufumba midomo kwa muziki, na nakiri mbele yako, Mzee, kwamba saa kumi ilipofika nilikuwa nimeshauliza bei yake.

Lalamiko la 4: Oda iliyozunguka

Nilipochoka nikampa oda winga mwenzangu, Mudi wa Mtaa wa Narung'ombe, ambaye huwa tunakula pamoja mchana. Nikamwambia bajeti yangu ni laki moja na elfu ishirini, nikatanguliza nusu. Mudi akasema ipo. Sikumlaumu, ningesema hivyohivyo. Kwa kuwa hakuwa nayo, akampa mwenzake oda hiyo kwa laki moja. Huyo akampa mwingine kwa elfu themanini. Huyo naye akampa wa nne kwa sitini na tano. Ndiyo kawaida ya kazi, kila mkono unaopita unalamba kidogo.

Siku ya nne nikiwa nimesimama Mtaa wa Kongo, simu ikaita kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa winga wa upande wa Mtaa wa Sikukuu. "Oya mkuu, mambo? Nasikia wewe hakuna kitu kinakushinda. Kuna mteja anataka rili ya trauti, ile ya kubonyeza. Jamaa ana presha kinoma. Arobaini na tano, unayo?"

Mzee, mimi nilikuwa na siku nne za kuhakikisha kwamba kitu hicho hakipo. Katika Dar es Salaam nzima hapakuwa na mtu mwenye uhakika huo kunizidi. Nikasema, "Ipo." Mdomo ulisema wenyewe, kabla hata sijamaliza kumsikiliza. Nikaomba advansi, ikaja elfu ishirini kwenye simu, nikamshukuru Mungu kwamba walau biashara inatembea, nikanunua chipsi na soda.

Kesho yake nikampigia kuuliza mteja anaitaka ya rangi gani. Akasema mteja mwenyewe hamjui, oda imepita kwa watu, ila amesikia ni winga mmoja wa Ilala, mtu mzima, amepagawa, anataka kuoa Njombe na baba mkwe amempa mtihani. Nikakaa chini juu ya marobota ya mitumba ya watu. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Mteja nilikuwa mimi, muuzaji nilikuwa mimi, na katikati yetu watu wanne wamegawana elfu sabini na tano bila hata mmoja kujua trauti ana mapezi mangapi.

Lalamiko la 5: Heshima ya kazi, na kofia ya mshenga

Mtu mwingine angeivunja oda. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema ipo, na neno la winga ndilo duka lake. Nikazunguka siku mbili zaidi, nikaikuta rili moja huko Mchikichini, kwenye boksi la vitu vilivyokosa mwenyewe, kati ya rimoti za televisheni na miguu ya viti. Ilikuwa imefunikwa. Ilikuwa na kitufe. Nikaichukua kwa elfu thelathini, nikajiuzia. Ikapita kwa yule wa Sikukuu, ikapita kwa wale wawili, ikamfikia Mudi, naye akanikabidhi kwa shangwe na kudai nusu yake iliyobaki. Nikalipa elfu sitini nyingine kwa kitu nilichokuwa nimekishika kwa mkono huuhuu asubuhi.

Ijumaa hiyo niliifunga kwenye mti wa ufagio uani kwetu, nikaweka ndoano na kipande cha dagaa, nijaribu kurusha kabla sijakuletea aibu. Nikabonyeza, nikarusha, nikaachia. Mshipi uliondoka vizuri mno. Ulipita juu ya kamba ya nguo, ukapita juu ya ukuta, ukamkuta Mzee Khalfani akitoka kwenda kuswali Alasiri na ile kofia aliyodariziwa na marehemu mama yake. Kofia ikapaa. Nikakunja haraka ili niirudishe kwa heshima, na hapo ndipo meno ya ndani ya rili, ambayo yalikuwa ya plastiki, yaliposagika yote kwa mkupuo. Kofia ikabaki inaning'inia kwenye waya wa umeme mbele ya waumini wenzake. Fundi wa umeme alikuja Jumatatu. Barua ya kujiuzulu ilikuja jioni ileile.

Nilitaka kuirudisha rili kwa aliyeniuzia. Kwa kuwa aliyeniuzia ni mimi, nilijijibu kama nilivyozoea kuwajibu wengine, kwamba mali ikishatoka hairudi.

Lalamiko la 6: Mama aliyesema "sina"

Lalamiko hili linamhusu mtu ambaye hakunikosea, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtaa wa Aggrey kuna duka la kamba, misumari na nyavu, la familia ya Kiarabu iliyoko hapo tangu enzi za babu yao. Anayeuza ni Bi Anfal, mama wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia shingoni. Baada ya ile ya kwanza kusagika, nilimuuliza kama ana rili ya trauti. Akanijibu, "Sina, mwanangu. Na atakayekwambia anayo mtaa huu, anakudanganya."

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Miaka kumi na minne Kariakoo sijawahi kuambiwa "sina". Machozi yalinilenga, Mzee, sioni haya kusema.

Mama yule akanivutia kiti, na hicho kiti hakikuwa cha kunipotezea muda. Mumewe, Bwana Nasor, huenda kuvua Kigamboni kila Jumapili, kwa hiyo mama anazijua hizi mashine. Akanieleza bila kunidai hata senti. Kwa samaki mdogo wa mtoni nisinunue rili kubwa ya baharini, itamchosha mvuvi mkono bure. Mshipi uwe mwembamba, wa kubeba kilo mbili au tatu, unatosha. Nisibabaishwe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi, mbili nzuri zashinda kumi za kuchora. Nifungue kifuniko nitazame meno ya ndani, yawe ya chuma. Nizungushe kile kidude cha kukaza na kulegeza mshipi, na kama kinakwenda kwa kushtukashtuka niiache palepale, kwa sababu samaki akivuta ghafla mshipi utakatika. Mkono wa kuzungushia uweze kuhamishwa kushoto na kulia. "Ukiyapata hayo," akasema, "hata kama ni ya bei ya chini na jina lake hulijui, chukua. Ya bei kubwa mara nyingi unalipia rangi."

Sasa unaona, Mzee, kwamba nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nilishika mwenyewe. Bi Anfal akasema Bwana Nasor ataiagiza, ije na mzigo wake, na wakala wake wa bandarini ataitoa. Nikauliza lini. Akasema inshallah. Nikauliza inshallah ni tarehe ngapi, akacheka akaendelea kupima kamba ya mteja.

Lalamiko la 7: Muda, na mimi mwenyewe

Paroko wenu ametutengea Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Tukiikosa hiyo hakuna ndoa mpaka mwakani. Nilimpigia Shangazi Stella nikamwomba tulete vitu sita kwanza na cha saba kifuate. Akajibu kwamba orodha pungufu haivuki kizingiti cha ukoo wa Mgaya, na kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Kisha akaniuliza timu yangu inacheza lini.

Nina miaka arobaini na moja, Mzee. Nimewatafutia watu vitu vya harusi zao mpaka nimeota mvi, vitambaa vya meza, pete, viatu vya maharusi wasiojua hata jina langu. Benedikta nilimfahamu alipokuja kutafuta mizani kwa ajili ya lile duka la dawa analofanyia kazi Upanga. Nikamwambia ipo. Nikamzungusha kwa saa nne, mizani haikupatikana, na badala ya kunitukana akaninunulia chungwa akasema nimechoka kuliko yeye. Tangu siku hiyo nampenda. Nalisema hili wazi kwa sababu sina mshenga wa kulizungushia maneno. Nikimkosa kwa sababu ya wizi au ugonjwa nitaelewa, lakini nikimkosa kwa sababu ya kidude cha kukunjia uzi, sijui nitawaeleza nini watu wa Ilala.

Maombi

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa unyenyekevu kipengele cha saba kifutwe. Kama hakifutiki, kibadilishwe. Niko tayari kuleta friji, na ndani yake nitapanga vibua kwa mtindo wa mtoni, mkia huku kichwa kule, wewe uwavue ukiwa umekaa kwenye kochi na miguu yako imekauka. Kama friji hulitaki, naomba ukoo ukae kikao na kutamka kwamba trauti si samaki. Nimeulizia kwa watu wenye uzoefu wa vikao, wanasema inawezekana. Kama nalo hilo ni zito, basi madai yote ya mahari yaelekezwe kwa trauti mwenyewe, kwa kuwa ndiye chanzo, na amekaa kwenye mto wenu miaka yote hiyo bila kumpelekea mtu hata jembe.

Na kwa kuwa kitu hiki nilikitafuta mimi, nikajiletea mimi na kujiuzia mimi, naomba ukoo wa Mgaya unilipe haki ya winga kama inavyolipwa kwa kazi nyingine yoyote. Asilimia kumi ya mahari yote inatosha. Ikiwa hesabu itasumbua, niko radhi ng'ombe mmoja arudi.

La mwisho naliuliza kama mtoto. Unatafuta nini huko mtoni, Mzee? Una miaka sabini na tatu na kifua kinachokusumbua. Samaki mwenyewe naambiwa ni wa kujaa kiganja. Soko liko karibu na nyumba yako, kuna dagaa, kuna sato wa kukaanga. Ni kitu gani kinachomfanya mtu wa umri wako ang'ang'anie kusimama kwenye maji ya barafu alfajiri, mpaka akiweke kwenye mahari ya binti yake?

Nisalimie bibi yake Benedikta, mwambie blanketi lake ni zito hata mimi nimelilalia mara moja kulijaribu. Nisalimie mjomba Vitalis, koti lina mifuko minne kama alivyoagiza. Shangazi Stella nampa shikamoo mbili. Salamu kwa paroko, kwa majirani wote wa juu na wa chini, na kwa wale watakaoniuliza. Trauti usimpe salamu zangu.

Ni mimi, nisubiriye nje ya kizingiti,

Samson Chilumba

Baada ya sahihi:

Mzee, sikuituma barua hii siku ile, na sasa mambo yamegeuka. Juzi Bi Anfal alinipigia, mzigo wa Bwana Nasor umetoka bandarini. Rili ninayo.

Leo Jumapili Benedikta alipita kwangu baada ya misa, nikampa barua aisome, anirekebishie adabu mahali ilipopungua. Alicheka mpaka akashika ukuta, hasa pale pa kofia. Alipofika pale nilipouliza unatafuta nini mtoni, akaacha kucheka. Akaikunja barua. Akaniambia kipengele cha saba hukukiandika wewe. Alikiongeza yeye, Shangazi alipompa orodha ainakili kwa mwandiko safi, na wewe ukatia sahihi bila miwani.

Amenieleza kwamba tangu mama yake afariki, mwaka juzi mwezi wa Mei, hujakanyaga mtoni. Kwamba mlikuwa mkienda wote wawili, wewe unavua, yeye amekaa ukingoni na chupa ya chai, na kila samaki akikuponyoka anakucheka. Kwamba rili yako ya zamani springi yake ilikatika wiki ileile ya msiba, na ukiulizwa unasema trauti wamekwisha, wakati jirani yako anawachoma kila wiki na harufu inaingia mpaka sebuleni kwako. Watoto wako wamekutumia pesa za kununua nyingine mara mbili, ukazipeleka kanisani. Zawadi ya mtoto unaikataa. Mahari, amesema Benedikta, hutaweza kuyakataa, maana ukoo wote utakuwa umekaa unatazama.

Mzee, nisamehe. Malalamiko yote saba nimeyafuta, pamoja na friji na asilimia kumi. Ng'ombe wote wanakuja. Mzee Khalfani nimempelekea kofia mpya na magoti yangu mawili, naye amekubali kurudi kazini. Rili nimeifungua nikaitazama kwa tochi, meno ni ya chuma, kidude cha kukazia kinazunguka laini. Haikuwa ya ghali hata kidogo.

Benedikta ameniambia niichane barua hii, hataki kabisa ujue kwamba ni yeye. Nimemwambia nimeichana. Lakini mimi naona ujue, kwa hiyo naituma kwa basi la kesho, na uisome peke yako.

Tutakapofika na orodha, nakuomba uipokee rili kama kitu ulichokiagiza mwenyewe. Ifungue, ikague, nung'unika kidogo kuhusu rangi yake ili watu wasishtuke. Na kama utafurahi, Baba, furahi kwa sauti. Benedikta atakuwa jikoni na wanawake wenzake, hataweza kukuona.